UZI: Vidole havibebi mwili, sasa mafuta ya mwilini yanaingiaje kwenye baridi yabisi?

Mama Vifungo (#1)

Wakuu, heshima kwenu.

Huu ni mwaka wangu wa 11 na baridi yabisi. Jina ninalotumia humu limetokana nayo. Ugonjwa ulijitangaza asubuhi moja nimekaa kitandani na blauzi ya vifungo 6, nikashindwa kufunga hata kimoja. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye maungio ya katikati, vina joto, na ukivibonyeza vinabonyea kama sponji iliyolowa. Ilipita saa moja na nusu ndipo vikalegea.

Baadaye, kliniki, niliambiwa nipunguze uzito. Nikauliza kwa heshima: "Daktari, mimi naumwa vidole na vifundo vya mikono. Vidole havibebi mwili. Uzito unaingiaje?" Nikajibiwa, "Wewe punguza tu, itakusaidia," kisha akaitwa mgonjwa mwingine. Nilitoka pale nimenyong'onyea. Nilichosikia ni lawama, maelezo sikupewa.

Swali lile sikuliacha. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, kwa hiyo kusoma mambo haya hakukunishinda. Jibu lipo, na yule daktari alikuwa na haki ya kusema alichosema. Alikosea kutonieleza. Mafuta ya mwilini ni tezi. Yanatoa homoni usiku na mchana, na homoni hizo husafiri kwa damu mpaka kwenye kidole kidogo cha mkono kama zinavyofika kwenye goti.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, maana jina letu linapotosha. Neno "baridi" limewafanya watu wengi wajifunike mablanketi na kuogopa maji ya asubuhi. Baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini haileti ugonjwa huu. "Yabisi", yaani kukauka na kukakamaa, hapo ndipo jina limesema kweli. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageukia utando laini unaovika ndani ya kiungo. Utando unavimba, unanenepa, unatambaa juu ya gegedu kama magugu na kuanza kula mfupa. Si jongo, linaloletwa na fuwele za asidi ya yuriki. Wala si kusagika kwa magoti kunakokuja na umri. Wengi wetu tukipimwa damu tunakutwa na kingamwili zinazoitwa RF na anti-CCP, na kingamwili hizo huweza kuwapo miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijavimba.

Ile hali ya kiungo kuvimba, kupata joto na kuuma nitaiita "mwako" katika uzi huu wote. Naendelea chini.

Mama Vifungo (#2)

Shuleni tulifundishwa kuwa mafuta ni ghala. Ukila kupita haja yanawekwa, ukikosa yanatolewa. Basi.

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, walionekana panya wanene kupita kiasi, wanaokula bila kujua kushiba. Miaka mingi baadaye Douglas Coleman, wa maabara hiyohiyo, alimshona panya wa namna ile ubavu kwa ubavu na panya wa kawaida ili damu zao zichanganyike. Yule mnene akapunguza kula, akapungua mwili. Maana yake damu ya mwenzake ilibeba kitu ambacho yeye hana. Kitu hicho kilipatikana mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ni homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe. Wakaiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Ghala lilikuwa linatuma barua kwa ubongo muda wote na hakuna aliyezisoma.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1993, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kuwa mafuta ya panya wanene yanatoa TNF, protini inayochochea mwako. Wenye baridi yabisi jina hilo tunalijua. Ndiyo TNF ileile ambayo Marc Feldmann na Ravinder Maini, London, walikuwa wakiizuia kwa wagonjwa wa baridi yabisi miaka hiyohiyo, na kutokana na kazi yao tukapata dawa za sindano kama infliksimabu. Nikifikiria hilo huwa natulia kidogo. Upande mmoja watu wanachunguza unene na kisukari, upande mwingine watu wanachunguza vidole vilivyovimba, na wote wameshika molekuli moja mkononi.

Mwaka 2003 likaja jambo lililonifungua macho zaidi. Watafiti walitazama mafuta ya watu na panya wanene kwa hadubini wakayakuta yamejaa makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza takataka. Seli ya mafuta ikitanuka kupita kiasi hukosa hewa ya kutosha, nyingine hufa, na makrofaji huizunguka kama watu waliozingira nyumba inayoungua. Wakiwa pale wanatoa TNF na interlukini-6, kichochezi kingine cha mwako. Sasa nenda kwenye utando wa kidole changu asubuhi ile ya blauzi: makrofaji, TNF, interlukini-6.

Homoni na vichochezi vinavyotoka kwenye mafuta kwa pamoja vinaitwa adipokini. Leptini, adiponektini, resistini na visfatini ndizo zinazotajwa sana kwenye baridi yabisi. Nitazichukua kwa uzito wake, si zote sawa.

Mkwezi (#3)

Mama shikamoo. Nimevuta kiti. Usikatishe njiani.

Kobe Mwendo (#4)

Mkuu, kwa heshima zote naomba nipinge kidogo. Shangazi yangu ana baridi yabisi mwaka wa 20 huu, na tangu nimjue ni mwembamba kama ufito. Jirani yake ana mwili mkubwa kweli na viungo vyake vizima kabisa. Sasa ukisema mafuta ndiyo yanaleta ugonjwa, shangazi yangu umemweka wapi? Tusije tukawatwisha watu wanene lawama nyingine, wanazo za kutosha.

Mama Vifungo (#5)

Mkwezi, marahaba mwanangu.

Kobe Mwendo, nashukuru sana, na la lawama nakuunga mkono kwa moyo wote. Sikusema mafuta ndiyo yanaleta. Unene huongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa, lakini kwa kiasi kidogo. Vinasaba vina sehemu kubwa, sigara nayo inahesabika, na wanawake tunaupata mara 2 hadi 3 kuliko wanaume. Mafuta ni mchocheaji aliyekuta moto umeshawashwa. Shangazi yako usijali, nitamfikia, na ukweli ni kwamba yeye ndiye sehemu ngumu kuliko zote za uzi huu.

Kwanza leptini. Kipokezi chake, yaani kitasa kinachoingia ufunguo huo, kinafanana kwa ukoo na kipokezi cha interlukini-6. Hakikai kwenye ubongo peke yake, kipo pia juu ya seli za kinga. Leptini ikipanda, seli T, yaani askari wa kinga walio kwenye damu, husukumwa upande wa kushambulia, na zile seli T zenye kazi ya kutuliza hufungwa breki zisiongezeke. Ikishuka, kinga inalegea. Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa bila leptini kabisa. Wana njaa isiyokwisha na unene wa kutisha, na pia idadi ya seli T zao ni ndogo. Walipopewa leptini kwa sindano, kinga yao ilirudi.

Ukilitafakari, lina mantiki. Mwili ukiwa na njaa hauna uwezo wa kugharimia vita, kwa hiyo ghala linatuma habari kwamba akiba imekwisha na askari wapunguzwe. Tatizo ni pale ghala linapofurika na ujumbe unasema kila siku, "Vita iendelee, chakula kipo."

Kwa aina moja ya jaribio la kuwasababishia panya mwako wa viungo, panya wasio na leptini walipata ugonjwa mwepesi kuliko wenzao. Na kwa binadamu kuna jaribio la Norway la mwaka 1991. Wagonjwa 27 wa baridi yabisi walifunga kula kwa siku 7 hadi 10, kisha wakaendelea na mlo usio na nyama, huku wengine 26 wakila kama kawaida. Waliofunga walipata nafuu ya maumivu na uvimbe. Leptini hushuka haraka sana mtu anapofunga, haraka kuliko mafuta yenyewe yanavyopungua, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofikiriwa.

NAOMBA MNISIKIE VIZURI HAPA. Sijamwambia mtu yeyote ajinyime chakula. Nafuu ya kufunga hutoweka mtu akirudia mlo wake wa kawaida, na mwenye baridi yabisi anayejinyima anapoteza misuli, kitu ambacho tayari anakipoteza. Nitarudi hapo.

Mwana wa Tatu (#6)

Shikamoo mama. Naomba niulize kuhusu mama yangu mzazi. Ana miaka 58, mwili mkubwa kiasi, anatumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga. Vidole vyake sasa hivi havijavimba, anasokota nywele za wajukuu bila shida. Lakini kila akipima, CRP, kile kipimo cha damu cha mwako, ipo juu. Mara ya mwisho akaambiwa ugonjwa umepamba na dawa itabidi iongezwe. Yeye anasema hasikii kitu. Nani mkweli, damu au mama?

Nesi Tulia (#7)

Nimekuwa msomaji kimya humu, ila hili limenigusa kwa sababu nahudumia kliniki ya viungo.

Kaka, inawezekana wote wakweli. CRP hutengenezwa na ini, na ini hutengeneza likiamriwa na interlukini-6. Sasa interlukini-6 haitoki kwenye viungo tu. Mtu akiwa ametulia, kiasi kinachokadiriwa kufika theluthi moja ya ile iliyo kwenye damu hutoka kwenye mafuta. Wanawake wanene wasio na ugonjwa wowote wa viungo nao hukutwa na CRP iliyopanda. Kipimo hakiandiki CRP imetoka wapi.

Shida inakuja kwa sababu alama tunayoitumia kupima ukali wa ugonjwa, DAS28, inachanganya mambo manne: viungo vilivyovimba kati ya 28, viungo vinavyouma kati ya hivyohivyo 28, jinsi mgonjwa mwenyewe anavyojisikia, na kipimo cha mwako kwenye damu, CRP au kingine kiitwacho ESR. Chini ya 2.6 tunahesabu ugonjwa umetulia, juu ya 5.1 umepamba. Mama mnene mwenye CRP ya mafuta anaweza kukaa juu ya 2.6 miaka nenda miaka rudi bila kiungo hata kimoja kilichovimba.

Kosa la pili lipo upande wa pili wa sarafu. Kwenye kidole chenye nyama, uvimbe wa utando ni mgumu kuusikia kwa vidole vya mpimaji. Nimeshaona mkono ukiandikwa "hauna uvimbe", ukawekwa chini ya mashine ya ultrasaundi, na utando unawaka. Kwa hiyo usiende kugombana na daktari. Mwombe kwa heshima mama afanyiwe ultrasaundi ya vifundo na vidole kabla dawa haijaguswa. Na dawa yoyote asiiache.

Mwana wa Tatu (#8)

Asante sana dada. Tuna miadi wiki ijayo, nitaleta mrejesho.

Mama Vifungo (#9)

Nesi Tulia, Mungu akuzidishie. Umelieleza kuliko ambavyo ningeweza.

Sasa adiponektini, na shangazi wa Kobe Mwendo. Kaeni vizuri.

Adiponektini iligunduliwa mwaka 1995. Iko kwa wingi wa ajabu: leptini tunaipima kwa nanogramu katika mililita ya damu, hii tunaipima kwa maikrogramu, yaani tofauti ya kama mara elfu. Tofauti na ndugu zake, hii hupungua mtu anaponenepa na hupanda anapopungua. Ukisoma habari za moyo na kisukari, adiponektini ndiye mtoto mwema wa familia. Husaidia insulini kufanya kazi, hulinda mishipa ya damu, hutuliza mwako kwenye kuta za mishipa. Nilipoanza kusoma nilifurahi. Nikasema, basi, nikipungua adiponektini itapanda na vidole vyangu vitapona.

Halafu nikakuta majaribio yaliyofanywa kwenye seli za utando wa kiungo zilizotolewa kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Seli hizo zikimwagiwa adiponektini hazitulii. Zinatoa interlukini-6, na zinatoa vimeng'enya vinavyokata gegedu, vile vinavyoitwa MMP. Kwenye maji ya kiungo chenye ugonjwa adiponektini ipo. Kwenye damu ya wagonjwa wa baridi yabisi mara nyingi ipo juu kuliko kwa watu wenye afya wenye mwili sawa nao. Na tafiti zilizofuatilia picha za eksirei zimeona kuwa wenye adiponektini ya juu zaidi ndio wenye mifupa iliyoliwa zaidi.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Homoni moja, mwili mmoja: kwenye mshipa wa moyo inatuliza, kwenye kidole inachochea. Sehemu ya maelezo ni kwamba adiponektini haina umbo moja. Molekuli zake hujifunga tatutatu, sitasita, au katika mafungu makubwa zaidi, na kila umbo huamsha mambo tofauti kutegemea limefikia seli ya aina gani. Mpiga ngoma ni yuleyule, ila harusini watu watacheza na msibani watalia.

Hapa ndipo shangazi anapoingia. Kwa miaka mingi madaktari wamekuwa wakiona jambo linalowashangaza. Wagonjwa wanene wa baridi yabisi wana maumivu zaidi, wanachelewa kufikia utulivu, wanashindwa kazi za mikono zaidi, lakini kwenye eksirei mifupa yao mara nyingi imeliwa KIDOGO kuliko ya wagonjwa wembamba. Wembamba sana ndio walio kwenye hatari kubwa ya mfupa kuliwa, na vifo vyao ni vingi zaidi. Adiponektini inatajwa kama mojawapo ya sababu: mwembamba anayo nyingi, mnene anayo kidogo. Sababu nyingine ni kwamba ugonjwa mkali wenyewe humkondesha mtu, kwa hiyo wembamba unaweza kuwa alama ya moto na si kuni zake. Naamini yote mawili yanafanya kazi kwa pamoja.

Kwa hiyo Kobe Mwendo, mwambie shangazi asikubali mtu yeyote kumwambia kwamba hana sababu ya kuangaliwa kwa karibu kwa kuwa ni mwembamba.

Kobe Mwendo (#10)

Mkuu, nimesoma kimya kimya hadi mwisho. Vidole vya shangazi vimepinda kuelekea upande wa kidole kidogo, na alikuwa akiambiwa ana bahati mwili wake ni mwepesi. Nitamsomea hii leo usiku.

Ufito (#11)

Mimi nami ni mwembamba, na nimelia kidogo. Ila dada zangu nina swali. Uzito wangu ni kilo 54 tangu kabla ya ugonjwa, haujabadilika hata kilo moja, lakini mapaja yamekonda na tumbo limetokea. Sketi hazinikai. Nikisema kliniki naambiwa "uzito wako mzuri". Ninawaza au kuna kitu?

Nesi Tulia (#12)

Huwazi, mdogo wangu. Hali hiyo inajulikana, ni kudhoofika kwa baridi yabisi. Mwako wa muda mrefu, hasa TNF na interlukini-6, hula misuli. Mtu anaumwa, anasogea kidogo, misuli inazidi kuondoka, na nafasi yake inachukuliwa na mafuta, mengi yake tumboni kuzunguka utumbo. Mzani unasoma kilo zilezile kwa sababu kilichotoka na kilichoingia vinalingana. Prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza mwako, ikitumika muda mrefu huongeza shida hiyohiyo: hukonda misuli ya mapaja na mabega na kulundika mafuta usoni na tumboni.

Na mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yenye makrofaji wengi na maneno mengi kuliko yale ya chini ya ngozi. Kwa hiyo mtu wa kilo 54 anaweza kuwa mwembamba kwa macho na bado anabeba tezi ileile anayoisema Mama Vifungo. Chukua utepe wa fundi, pima kiuno usawa wa kitovu, andika tarehe. Pima tena baada ya miezi mitatu. Halafu jaribu kuinuka kitini mara tano bila kushika popote, uone inachukua sekunde ngapi, nayo iandike. Namba hizo mbili zitakwambia zaidi kuliko mzani.

Mzee Mkongojo (#13)

Wanangu, nawasalimu. Mimi nina miaka 67, ugonjwa miaka 16. Naandika ili mtu mwingine asirudie nililofanya.

Mwaka fulani nilipungua kilo 9. Nilitembea kila siku, nikaacha sigara, nikajisikia kijana. Asubuhi vidole vililegea ndani ya dakika 20 badala ya saa nzima. Nikajiambia, sasa nimeshajua siri, hizi dawa za nini? Nikaacha methotreksati bila kumwambia mtu. Miezi miwili ilipita salama, na hiyo miezi miwili ndiyo iliyoniponza. Wa tatu kifundo cha mkono wa kulia kilifura, nikavumilia nikidhani kitapita. Nilipopigwa picha mfupa ulikuwa umeshaliwa. Mkono huo mpaka leo haupindi kwenda nyuma. Sifungui mfuniko wa chupa.

Kupungua kulinisaidia, sibishi, na kilo zile sijazirudisha. Lakini mafuta yalikuwa petroli tu. Kiberiti kilibaki mfukoni mwa kinga yangu.

Mama Vifungo (#14)

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana kwa mkono huo. Asante kwa kuyasema hadharani.

Naomba niongeze kwa wanaosoma: methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara MOJA KWA WIKI, si kila siku. Watu wamekufa kwa kukosea hapo. Andika siku yako kwenye boksi la dawa kwa kalamu nene.

Kuhusu dawa na mafuta, lipo la kujua. Wagonjwa wanene hupata matokeo hafifu zaidi kwenye dawa za kuzuia TNF. Wengine husema ni kwa sababu dozi haitoshi mwili mkubwa. Lakini infliksimabu hutolewa kwa kupima kilo za mgonjwa, mwenye mwili mkubwa anapewa nyingi zaidi, na bado wanene huitikia kidogo kuliko wembamba. Kwa hiyo si suala la dozi tu; mafuta yanaendelea kutengeneza vichochezi upande wa pili. Kwa dawa za njia nyingine, kama abatasepti na tosilizumabu, tofauti ya wanene na wembamba haionekani sana. Mgonjwa mnene ambaye sindano ya TNF haimsaidii ana haki ya kuuliza kuhusu njia nyingine badala ya kuambiwa tu kwamba hajitahidi.

Mkwezi (#15)

Mama, resistini na visfatini umezisahau? Na je, hizi homoni zinapimwa? Maana nimeshaona mtandaoni wanauza vidonge vya "kusawazisha leptini".

Mama Vifungo (#16)

Sijazisahau. Resistini ilipewa jina mwaka 2001 kwa kuwa ilionekana kuleta ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia insulini, kwa panya. Kwa panya hutoka kwenye seli za mafuta, kwa binadamu hutoka zaidi kwa makrofaji. Ipo kwa wingi kwenye maji ya kiungo chenye baridi yabisi, na watafiti wa Sweden walipoichoma kwenye goti la panya, goti likapata mwako. Visfatini ilitangazwa kwa kishindo mwaka 2005 kuwa inafanya kazi kama insulini, na mwaka 2007 andiko lile likaondolewa na waandishi wenyewe. Molekuli yenyewe ipo kweli na hupanda kwenye kiungo kinachowaka, ila hadithi ya insulini ilianguka. Naitaja kwa sababu bado kuna kurasa zinaisimulia kama ilivyokuwa mwaka 2005.

Na goti lina jambo lake la peke yake. Nyuma ya mshipa mgumu ulio chini ya kilegesambwa kuna mto mdogo wa mafuta, mfano wa mto wa kulalia, uko ndani ya kiungo chenyewe, umegusana na utando. Mto huo unatoa interlukini-6 na adiponektini hapohapo, bila kusubiri damu izungushe. Mtu akikwambia mafuta yako mbali na kiungo, mwonyeshe hapo.

Kupima: maabara zinaweza, mimi mwenyewe nimepima leptini kwa ajili ya utafiti. Lakini kwa mgonjwa mmoja namba hiyo haitabadilisha chochote kwenye matibabu. Hupanda na kushuka kwa saa, kwa mlo, kwa jinsia. Mwanamke ana leptini ya juu kuliko mwanaume mwenye mwili sawa naye. Tunza pesa yako. Na vidonge vile usinunue. Hakuna kidonge cha dukani kinachosawazisha leptini ya mgonjwa wa baridi yabisi, na baadhi ya vidonge vya mitishamba huumiza ini ambalo methotreksati tayari inalichungulia.

Ufito (#17)

Na zile sindano za kupunguza mwili zinazovuma? Na mazoezi ya kunyanyua vitu, si yataumiza viungo zaidi?

Nesi Tulia (#18)

Sindano zile hupunguza mafuta kweli, lakini katika kilo zinazotoka na misuli imo. Kwa mtu kama wewe ambaye misuli ndiyo imekimbia, sioni kama zinafaa. Kwa mnene mwenye baridi yabisi na kisukari ni mazungumzo ya kufanya na daktari wake, na mazoezi ya nguvu yaende sambamba.

Kuhusu kunyanyua: huko Wales wagonjwa wa baridi yabisi waliotulia walifanyishwa mazoezi ya kuinua uzito unaoongezwa kidogo kidogo, mara 2 kwa wiki, wiki 24. Misuli iliongezeka, mafuta yalipungua, na ugonjwa haukuchochewa. Anza siku viungo vimetulia, kiungo kinachowaka kipumzishe, na mwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe namna ya kushika. Ukishindwa kufumba ngumi kuna mikanda inayofungwa kwenye kifundo, huhitaji vidole kabisa.

Mama Vifungo (#19)

Mimi ndivyo ninavyofanya, mikanda ya kifundo. Mwaka wa kwanza kiuno kilishuka sentimita 7 huku mzani ukishuka kilo 3 tu. Kwa mzani ningekata tamaa mwezi wa pili.

Mwana wa Tatu (#20)

Nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Tulimwomba daktari, akakubali bila tatizo. Ultrasaundi ya vifundo na vidole vya mikono yote miwili: utando umetulia, hakuna mwako. Vidole vya miguu, ambavyo ile alama ya 28 haivihesabu, navyo akaviangalia, safi. Methotreksati imebaki dozi ileile, amepangiwa mazoezi mara mbili kwa wiki, na CRP itarudiwa baada ya miezi mitatu. Mama anawasalimu wote. Anauliza, kiuno anapima kabla ya kula au baada?

Mama Vifungo (#21)

Msalimie sana. Asubuhi kabla ya kula, amesimama, ametoa pumzi, utepe usikaze. Na apimwe na mtu mmoja kila mara.